Nyuma ya Moyo

Alivuka kutoka Maweni kwa boti ya saa moja,
shati limejaa unga mweupe wa mawe,
kope pia, na vishimo vya masikio.
"Ragot," akaandikisha. "Mkata matofali.
Miaka kumi na mitatu." Akakohoa. "Na miezi."

Famau akamsimamisha, kifua ubaoni.
Vuta pumzi. Izuie.
Akaizuia kama mtu anayezuia mlango
na mdai yuko nje.

Mimi nazisoma picha hizi tangu enzi za filamu,
tulipokuwa tukiziangika kwenye waya
zikichuruzika dawa kama kanga za kufuliwa.
Mapafu ya Maweni nayajua.
Vumbi la jiwe lina mwandiko wake:
huanzia juu, hushuka polepole,
kama chumvi inavyokula lipu ya nyumba za Mkomani.
Nikasema: vumbi. Nikashika kalamu.

Kisha kile chombo kipya,
kisanduku kisichozidi mkate wa mofa kwa upana,
walichokileta wa kaunti na kukiweka
juu ya kabati la bandeji,
kikafikiri kwa muda wa chafya moja,
kikachora duara jekundu.
Si juu. Si kwenye vumbi.
Katikati ya kivuli cha moyo.

Nikacheka.
"Famau, hii akili yenu ya kununua
inauona moyo, inauita ugonjwa."
Famau hakucheka. Bado kijana,
anaamini kila chenye taa.
"Punguza mwanga, daktari," akasema,
"moyo nao una nyuma."

Nikapunguza.
Na pale, ndani ya weupe, weupe mwingine,
wa mviringo, ukubwa wa kunazi,
umejibanza nyuma ya moyo
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema.
Mimi nilitazama nguo,
nikaishia kwenye nguo.

Nikaitafuta picha ya mwaka jana.
Chini yake jina langu, na neno langu moja: vumbi.
Kunazi lilikuwapo.
Dogo wakati ule. Punje ya mtama.
Lakini lilikuwapo.

Famau akageuka kupanga glavu
ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na chombo? Kiliandika tisini na moja kwa mia,
kikanyamaza, kikingoja kifua kinachofuata.
Hakikusema "si ulicheka?"
Hakikuniuliza mwaka jana nilikuwa nawaza nini.
(Nilikuwa nawaza foleni. Ulikuwa mwezi wa Maulidi,
mji umefurika, watu sitini bentini,
na meno yakiniuma upande mmoja.)

Jana tu kilichora duara kama hilo
juu ya kifungo cha kanzu
alichosahau kukivua Mzee Bwanaheri,
nasi tukacheka hadi machozi.
Kwa hiyo siapi kwa jina lake.
Kesho kitaniambia tena upuuzi,
na nitalazimika kuutazama huo upuuzi
mara mbili, tatu, mwanga juu, mwanga chini,
kwa sababu ya leo.

Wengine watasema: kitu kisicho na moyo.
Kweli.
Labda ndiyo maana hakioni haya
kuchungulia nyuma ya moyo wa mtu.

Mlango ukafunguka kidogo.
Uso mweupe wa unga, macho mekundu.
"Daktari, ni lile vumbi tena?
Maana boti ya kurudi ni saa sita,
na mawe yangu yamebaki juani."

Barua ya Mombasa ilikuwa tayari mezani,
wino haujakauka.
Ningeweza kumpa hiyo tu, na anwani,
na kumwita anayefuata.

"Ingia, Ragot. Boti itakusubiri."
Haingemsubiri, sote tulijua.
Nikavuta kiti.
Nikaziweka picha mbili kwenye mwanga
nikaanza na ile ya mwaka jana.